Nani alikufundisha kuswali? Tupeane uzoefu

Binti Kibokoni

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu ametimiza miaka saba mwezi huu, umri ambao Mtume s.a.w. ametwambia tuanze kuwaamrisha watoto swala. Jana kabla ya magharibi nikamkalisha kwenye kibao bafuni nimuoneshe udhu. Alikuwa na haraka: uso, mikono, kichwa, miguu, kamaliza. Nikampitisha kidole gumba nyuma ya kisigino. Kikavu.

Hapo nikamkumbuka nyanya, mzaa mamangu, Allah amrehemu. Yeye ndiye aliyenifunza udhu, uani kwetu Kibokoni. Maji yakiwekwa mtungini, naye akiteka kwa kata ya kifuu, kidogo kidogo. Nikimwaga ovyo hunishika mkono na kuniambia israfu imekatazwa hata ukitawadha ukingoni mwa mto. Tukimaliza huniinua mguu na kunipapasa kisigino kwa kidole gumba. Pakiwa pakavu, narudia. Nilikuwa nikidhani ni ukali wake tu, hadi nilipokuwa mkubwa nikasikia darasani kwamba Mtume mwenyewe aliwaonya watu kwa visigino visivyofikwa na maji.

Basi naomba tupeane uzoefu. Ibada yako ya kwanza ulifunzwa na nani? Na ni lini yale ya utotoni yalikuingia moyoni? Andikeni hata marefu, mimi nitasoma yote.

Mwana wa Majengo

Waalaikum salaam dada. Umenigusa.

Mimi nilifunzwa chuoni, Majengo, na maalim mmoja ambaye sasa ni marhumu. Tulikaa mkekani na juzuu zetu, tukaanza Alhamdu, kisha Qul-audhu birabbin-nas, tukipanda sura moja moja hadi Amma. Nguzo tano za Uislamu tulizisoma kwa sauti moja: shahada, swala, zaka, saumu, hija. Halafu nguzo sita za imani: kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari, heri yake na shari yake. Ungeniamsha usiku wa manane ningekusomea zote bila kukosea. Lakini ungeniuliza maana ya kadari, ningekutazama tu.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, sina kazi, mke ana mimba ya pili. Siku moja baada ya alasiri nikaketi msikitini nikafungua tafsiri ya marhumu Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Nikasoma maana ya Alhamdu, sura niliyoijua tangu sijaota meno ya utu uzima. Nikafika pale kwenye *iyyaka na'budu wa iyyaka nasta'in*: Wewe tu twakuabudu, na Wewe tu twakuomba msaada. Nikafanya hesabu. Faradhi tano kwa siku ni rakaa 17, na kila rakaa ina Alhamdu. Kwa hiyo mara 17 kwa siku, miaka yote ile, nimekuwa nikisema "Wewe tu nakuomba msaada", kisha nikitoka msikitini naenda kuwanyenyekea watu kana kwamba riziki yangu iko mifukoni mwao. Nililia, wallahi. Mzee aliyekuwa safu ya mbele aligeuka akanitazama, hakusema neno, akaendelea na tasbihi yake.

Ndiyo maana nawaombea dua sana wanazuoni waliotuandikia dini kwa Kiswahili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliifanya kazi hiyo hapa hapa Mombasa tangu miaka ya 1930. Kukariri ni hazina, sikatai, na maalim wangu simlaumu hata kidogo. Lakini mtoto apewe na maana, angalau ya Alhamdu.

Mgeni wa Kisauni

Mimi sikuzaliwa kwenye dini. Nilikuja Mombasa kutoka bara kutafuta kazi, nikaajiriwa duka la vifaa vya ujenzi. Tajiri wangu, adhana ya adhuhuri ikitoka tu, alifunga mlango hata kama kuna mteja mwenye pesa mkononi. Hakunihubiria hata siku moja. Mwaka wa pili ndio mimi mwenyewe nilimuuliza: unakwenda kumwambia nini huyo Mungu kila siku?

Nilitoa shahada siku ya Ijumaa baada ya swala, mbele ya jamaa. *Ash-hadu an laa ilaaha illallah, wa ash-hadu anna Muhammadan rasuulullah.* Imamu alinitamkia neno kwa neno, nami nikifuatisha, kisha akanieleza kwa Kiswahili kwamba nakiri hapana apasaye kuabudiwa ila Allah, na kwamba Muhammad ni Mtume wake. Ulimi ulikuwa mzito. Nilioga josho, nikavaa kanzu ya tajiri iliyonifika kwenye vifundo vya miguu.

Ramadhani ya kwanza, siku ya tatu, niko ndani ya feri ya Likoni, jua kali. Nikatoa chupa ya maji nikanywa nusu, ndipo nikakumbuka. Nilihisi moyo umeanguka. Mzee mmoja mwenye kofia ya vito alikuwa amesimama pembeni yangu na baiskeli, akaniona nilivyogutuka. Akasema: "Ulisahau?" Nikasema ndiyo. "Basi Mola ndiye aliyekulisha na kukunywesha. Endelea na saumu yako mwanangu." Feri ikafika, akasukuma baiskeli yake akaenda. Sijamuona tena hadi leo. Baadaye nilipofundishwa kwamba hayo ni maneno ya Mtume, nilimwombea sana yule mzee.

Mamangu bado hajaridhia. Naendelea kumpigia simu kila Jumapili, maana huko huko kwenye Qur'ani nimeamrishwa kumtendea wema.

Shehe Mtumwa wa Mola

Masha Allah, Mola akuthibitishe. Nyongeza ndogo kwa ndugu wageni, maana wengi huuliza: kwa madhehebu yetu ya Shafii, nia ya saumu ya faradhi hutiwa kila usiku kabla ya alfajiri kuingia, na pahala pake ni moyoni. Ukiamka kula daku kwa ajili ya kufunga kesho, nia unayo.

Dereva wa Mbali

Mimi mafupi. Nilifunzwa na babangu, naye alikuwa dereva kama mimi. Mombasa kibla hakina tabu, Makka iko karibu sawasawa kaskazini yetu, na ndio maana wazee wa pwani kaskazini wakiiita kibla. Ukifika Kampala inabidi ugeukie upande wa mashariki kidogo. Babangu alinionesha kwa jua, kabla simu hazijawa na dira. Mtito Andei tunasimama, adhuhuri rakaa mbili, alasiri rakaa mbili, tumezikusanya kwa ruhusa ya msafiri. Magharibi ni tatu zake popote ulipo. Alikuwa akinitandikia mswala kando ya tairi, upande wa kivuli, yeye akiswali juani.

Mama Wawili

Mie nilifunzwa na mamangu, na siku ilipoingia moyoni ni siku nilipomuosha.

Alifariki asubuhi. Tulikuwa wanawake wanne: mimi, khalati yangu na wawili wenye ujuzi. Niliogopa, nikataka kutoka. Khalati akaniambia, "Huyu ndiye aliyekuosha wewe." Maji yametiwa majani ya mkunazi, osho la mwisho likatiwa kafuri. Tukaanza kuliani na viungo vya udhu. Nikaushika mkono wake wa kulia, ule ule ulioshika wangu kunionesha mwisho wa kiwiko, kwamba maji yapite hapa. Nikayapitisha hapo hapo.

Kisha sanda, vitambaa vitano. Hakuna kifungo, hakuna mfuko. Wanaume wakabeba jeneza, wakamswalia, takbiri nne, hakuna rukuu wala sijda, wakampeleka Kikowani. Sisi tukabaki nyumbani na vyombo vya maji.

Tangu siku ile, nikisikia mtu anasoma "na siku ya mwisho, na kadari", si maneno ya chuoni tena kwangu. Nimeyashika kwa mikono.

Mtoto wa Marikiti

Allah amrehemu mama. Nimesoma nikasimama kwanza.

Langu ni la zaka. Babangu alikuwa na duka la viungo, na kila mwaka alikuwa na tarehe yake ya kiislamu ya kufungua daftari: bidhaa, pesa taslimu, madeni yanayolipika. Ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolea zaka, thamani ya gramu 85 za dhahabu, anatoa 2.5 kwa 100 na halegezi. Lakini nilichojifunza zaidi ni zakatul-fitri. Usiku wa kuamkia Idi tunapima mchele, pishi kwa kila kichwa, hata kitoto kichanga, na mimi ndiye mpelekaji kabla ya swala ya Idi. Maagizo yake: usigonge kwa nguvu, usiite jina la mtu, usiseme umetumwa na nani. Weka, sema Idi Mubarak, ondoka. Nyumba moja mama alifungua mlango akanikuta nimeinama na kikapu. Hakunishukuru kwa maneno, alinishika kichwani. Nilikuwa na miaka tisa.

Binti Kibokoni

Nimewasoma wote, na baadhi nimewasomea walio nyumbani. Mama Wawili, Mola amjaalie mamako kaburi lenye nuru. Ndugu wa Kisauni, usichoke kumpigia mama.

Leo alfajiri, muadhini alipofika *as-swalatu khairun minan-naum*, swala ni bora kuliko usingizi, mwanangu alikuwa tayari amesimama mlangoni pangu. Sikumwamsha. Tukatawadha pamoja, yeye kwanza, taratibu. Nilipomaliza mimi akaniambia nisubiri. Akachutama, akanishika mguu, akapitisha kidole gumba chake nyuma ya kisigino changu.

"Mama, hapa pakavu."

Nikafungua bomba tena.