Miswada ya kale ya Lamu: ikabidhiwe Makumbusho au ibaki kwa wenyewe?

Ndugu zangu, assalamu alaykum.

Hoja iliyotangulia katika mjadala huu inasema kwamba kila familia ya Lamu, Pate na Siyu yenye vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono ivitoe moja kwa moja kwa Makumbusho ya Lamu, kwa kuwa majumbani vinaliwa na mchwa na vingine vinaishia kwa madalali. Hofu hiyo ni ya kweli. Dawa iliyopendekezwa ndiyo siikubali.

Nimekulia katika nyumba ya mawe, na katika kidaka cha juu kabisa, yaani kishubaka cha ukutani, babu yetu aliweka vitabu vyake, vimefungwa kwa kitambaa cha marekani. Ukiinua karatasi mbele ya dirisha unaona miezi miandamo mitatu ndani ya karatasi yenyewe, alama ya watengenezaji wa Italia waliouza karatasi zao hadi nchi za Kiislamu. Pembezoni mwa matini zimeandikwa tarehe za kuzaliwa watoto, na mahali pamoja pana deni la tende ambalo halikufutwa. Ukurasa wa kwanza wa kitabu kimoja unatamka kwamba ni wakfu kwa wanaotafuta elimu: hakiuzwi, hakirithiwi, wala hakitolewi zawadi. Sasa nauliza, familia inayokikabidhi kitabu kama hicho kwa moyo mkunjufu kiwe mali ya taasisi, imepata wapi haki ya kukitoa?

Ndiyo maana nasema Makumbusho yapokee kwa njia ya amana, kwa hati inayotaja jina la kitabu, idadi ya kurasa, hali yake siku ya kupokelewa, na haki ya wenyewe kukisoma na kukidai. Mimi si mgeni wa jambo hili. Kitabu kimoja cha fiqhi cha babu yetu kiliazimwa na mtafiti aliyeahidi kukirudisha baada ya mwezi. Hapakuandikwa hata kipande cha karatasi, na hadi mzee anafariki alikuwa bado anakiulizia.

Msikiti wa Riyadha wa Lamu, alioujenga mwanazuoni Habib Swaleh, umeonyesha njia nyingine. Miswada yake ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, picha zikawekwa kwenye intaneti, na vitabu vyenyewe vikabaki Lamu. Hata hivyo, nakala iliyo ng'ambo pekee haitoshi. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Nakala kamili ziwepo kisiwani, katika chumba ambacho mwanafunzi wa madrasa anaweza kuingia bila barua ya utambulisho kutoka chuo kikuu.

Msemaji aliyetangulia alimtaja pia Muhammad Kijumwa, mwandishi wa hati na mchongaji wa Lamu, kuwa mfano wa urithi ulioibiwa. Tumwendee kwa uadilifu: Kijumwa aliwanakilia miswada Wazungu waliochunguza Kiswahili, kama Alice Werner na William Hichens, kwa hiari yake, na kazi zake nyingi ziko London kwa njia hiyo. Haikuwa wizi. Kinachouma ni kwamba mjukuu wa Lamu anayetaka kuuona mkono wake ulivyopinda herufi lazima aulizie London kwanza.

Kuhusu madalali nitasema machache, kwa sababu Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 tayari inakataza kutoa vitu vya kale nchini bila kibali. Kilichobaki ni kuisimamia.

Jambo la mwisho, ambalo sijaliona likiguswa na yeyote hapa. Kwa desturi ya Lamu, nyumba ya mawe hupewa binti, kwa hiyo vidaka vingi vyenye vitabu hivi viko chini ya ufunguo wa mama zetu na dada zetu, nao ndio wanaovikung'uta vumbi na kuvianika jua la kaskazi. Makubaliano yoyote yatakayotiwa saini na wazee wa kiume peke yao barazani yatakuwa yamewaruka wale wanaovitunza hasa. Naomba wachangiaji wanijibu hapo: hati ya amana iandikwe kwa jina la nani, na nani aitwe siku ya kulifungua sanduku la vitabu?