Mwanangu yuko Glasgow na anataka kupanda milima msimu wa baridi: nimpe ruhusa?

Mama wa Tudor:
Assalaam aleikum, na wengine hamjambo. Kijana wangu alianza masomo ya uhandisi mjini Glasgow mwezi Septemba, na juzi alinipigia simu kunieleza kwamba amejiunga na klabu ya chuo ya wapanda milima, ambayo mwezi Januari itakwenda Glencoe, bonde lenye milima huko Scotland, kwa siku mbili. Huyu ni mtoto aliyekulia majini hapa Tudor, na miinuko pekee aliyowahi kuipanda ni ile ya Shimba Hills, walipopelekwa na shule kuona maporomoko ya Sheldrick. Nimesoma kwamba Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345 tu, ilhali Mlima Kenya una mita 5,199; hata hivyo kila mwaka husikika watu waliofia katika milima hiyo ya Scotland. Naomba waliowahi kuishi huko wanieleze hatari iko wapi hasa, vifaa vinapatikanaje, na akipotea atatafutwa na nani na kwa gharama ya nani. Baba yake ameshakataa. Mimi bado nasikiliza.

Mhandisi wa Kisauni:
Wa aleikum salaam, mama. Nilisoma huko na nikapanda milima hiyo, kwa hivyo nakuomba kwanza uache kuipima kwa urefu wake. Milima ya magharibi mwa Scotland inapokea moja kwa moja pepo na mvua za bahari ya Atlantiki, na hali ya hewa inaweza kugeuka kabla mtu hajamaliza kunywa chai yake. Kijana wetu aliyezoea suruali ya jinzi na fulana ya pamba akilowa pale juu, pamba hushika maji na upepo humnyonya joto la mwili. Huanza kutetemeka, kisha hujikwaa na kuzungumza maneno yasiyoeleweka, na akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, hapo ndipo wenzake wanapaswa kuogopa zaidi. Nakumbuka nikiwa kileleni nikijaribu kufunga zipu ya koti langu, nikaitazama mikono yangu inavyoshindwa, mpaka mwenzangu akanifungia kama mtoto wa chekechea.

Jambo la pili ni giza. Sisi jua letu hutua mwendo wa saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, lakini kule mwanzoni mwa Januari huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Asiyekuwa na tochi ya kichwani, ramani na dira, hata kama simu yake imejaa chaji, asitoke. Na kwa kuwa adhuhuri, alasiri na magharibi zote zitamkuta njiani, mwambie kwamba masafa ya kutoka Glasgow hadi Glencoe yanamruhusu msafiri, katika madhehebu yetu ya Shafi, kupunguza na kukusanya swala zake.

Muuguzi, Aberdeen (kwetu Likoni):
Dada yangu, mimi ningemruhusu, kwa sababu anakwenda na klabu. Ningemkatalia kabisa kama angekuwa anakwenda na rafiki wawili waliotazama video mtandaoni. Klabu nyingi za vyuo huwa na shoka za barafu, kofia ngumu na vile vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya viatu, ambavyo wanachama huazimwa au hukodishiwa kwa bei nafuu, na wanachama wakongwe huwafunza wageni namna ya kujizuia wanapoteleza kwenye theluji. Anachopaswa kununua mwenyewe ni viatu, na hapo asibane pesa. Kiingilio hakuna: tofauti na hifadhi zetu, sheria ya Scotland ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea katika sehemu kubwa ya ardhi, mradi asiharibu mali ya watu.

Kuhusu kutafutwa, vikosi vya uokoaji milimani ni vya watu wa kujitolea na havimtozi mtu chochote. Hupigwa simu 999, unaomba polisi, kisha uokoaji wa milimani. Asajili pia namba yake mapema, kwa kutuma neno “register” kwenda 999, ili aweze kuomba msaada kwa ujumbe mahali ambapo mtandao ni dhaifu. Filimbi ikipulizwa mara sita ndani ya dakika moja, hiyo ni ishara ya kuomba msaada. Muulize pia kama kiongozi wao husoma taarifa za maporomoko ya theluji, ambazo hutolewa kila siku wakati wa baridi na Glencoe imo.

Mwalimu wa kuogelea, Nyali:
Mama, mimi wasiwasi wangu ni huo umahiri wake wa majini. Kiangazi kikifika watamwalika kuogelea ziwani, naye atajirusha kama anavyojirusha hapa. Maji ya kule ni baridi hata mwezi Julai, na mwili ukiyaingia ghafla mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka; kichwa kikiwa chini ya maji, hiyo pumzi ni maji. Aingie polepole, na akishtuka alale chali aelee mpaka pumzi itulie, ndipo aogelee.

Mama wa Tudor:
Nawashukuru nyote. Baba yake amesoma majibu na sasa anauliza bei ya viatu. Kijana ametaja pia safari ya milima ya Alps wakati wa Pasaka. Mambo ni hayo hayo?

Muuguzi, Aberdeen:
Sivyo, dada. Viza yake ya masomo ya Uingereza haimwingizi Ufaransa wala Uswisi, itabidi aombe mapema viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na huko uokoaji wa helikopta unaweza kulipishwa pesa nyingi, kwa hivyo asiende bila bima inayotaja upandaji milima kwa jina.