Mrejesho: skrini iliyong'ang'ania 1024x768 kwenye Linux

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kwa nini kompyuta yangu ya Linux hapa Umoja imekwama kwenye 1024x768, yaani idadi ya nukta za picha kwenye skrini. Aliyesema nikague GRUB, programu inayoanzisha mfumo kompyuta ikiwashwa, alilenga penyewe: neno nomodeset lilibaki tangu nilipoweka mfumo, likiizuia kerneli (kiini cha mfumo) kupanga skrini yenyewe. Nimelifuta kwenye faili la /etc/default/grub, nikaendesha amri ya sudo update-grub ili mabadiliko yashike, nikawasha upya. Sasa ni 1920x1080, maandishi safi kabisa!

Skrini ya pili, ile ya kebo ya VGA, bado inasumbua. Amri za xrandr, za kupanga skrini, zinakubali, lakini nikizima mashine mpangilio unapotea, kwa hiyo nazirudia kila asubuhi. Aliyenishauri ninunue kadi mpya ya picha, nashukuru pia, ila haikuhitajika.