Tupeane uzoefu: bustani ya Nairobi iliyokupokea siku ngumu

Mwanzilishi: Jana nilimwona mzee amelala chini ya mti Uhuru Park, viatu vyake amevifanya mto, nikakumbuka mwaka niliopoteza kazi na kushinda hapo kila siku. Wenzangu, mlipumzikia wapi mji ulipowalemea?

Mama Pacha: Mume wangu alipolazwa, sikuwa na nauli ya kurudi Kayole na kuja tena jioni, kwa hiyo nilikuwa nikiteremka kwa miguu hadi Uhuru Park kungoja saa ya kuwaona wagonjwa. Siku ya tisa niliacha chai yake mlangoni asubuhi, na jioni nikarudishiwa chupa ikiwa imejaa. Ndipo nilipoambiwa kwamba alifariki alfajiri. Sikulia pale. Nilirudi kando ya ziwa, nikaimwaga chai ile kwenye nyasi, nikalia, na muuza njugu akaketi karibu yangu bila kuniuliza neno mpaka jua likatua.

Kijana wa Umoja: Pole sana, mama. Nami nimelia hapo.

Mpanda Baiskeli: Poleni. Mwenye majonzi aende Karura, kwenye zaidi ya hekta 1,000 za msitu, atembee hadi kwenye maporomoko.

Fundi Cherehani: Karura ina kiingilio, ndugu. Aliyeachishwa kazi atakitoa wapi?

Mpanda Baiskeli: Kiingilio hicho husaidia kulipa walinzi. Kabla ya ua kujengwa, dada yangu asingethubutu kuingia humo peke yake.

Fundi Cherehani: Sipingi ulinzi. Ninasema bustani ya umma isimpime mtu kwa mfuko wake.

Mwalimu Mstaafu: Msigombane. Mwaka 1989 Uhuru Park ilikusudiwa kujengwa jumba la orofa 60, Wangari Maathai akalipinga huku akitukanwa hadharani, na mwaka 1999 akapigwa hadi akatoka damu alipokwenda kupanda miti Karura. Nyasi alizolilia Mama Pacha zingekuwa saruji.

Dada wa Ngara: Jeevanjee ni bure, nayo imekuwa ya wananchi tangu 1906. Nendeni saa sita, mahubiri yatawafariji.

Kijana wa Umoja: Saa sita kuna kelele mno. Nendeni asubuhi, na mkoba uwe mapajani.

Mama Pacha: Asanteni. Bustani ilipofunguliwa tena baada ya ukarabati nilimtafuta yule muuza njugu mara tatu, nisimpate. Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya kijani. Anayemfahamu aniambie.