Nahamia Dar kutoka Mbeya, dalali anataka nusu ya kodi

Kijana wa Uyole:
Wakuu, nimepata kazi Posta, Dar, naanza mwezi ujao. Jiji silijui. Dalali ana chumba cha bei nafuu Mbezi, anataka nimtumie nusu ya kodi akishikilie. Nitume? Na nibebe nini kutoka huku?

Mnyalu wa Ipogolo:
Usitume hata shilingi. Fikia kwa ndugu au gesti, utafute ukiwa huko huko. Jiandae kulipa miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo, na kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Hela mkabidhi mwenye nyumba mwenyewe, mkataba ukishasainiwa. Kisha jiandikishe serikali ya mtaa, barua yao ya utambulisho utaihitaji.

Kabla ya kulipa waulize wapangaji, siyo dalali. Maji ni ya bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, au kisima? Visima vingi vya Dar vina chumvi: sabuni haitoi povu, na ya kunywa utanunua. Halafu luku, mita ya umeme, ni yako au mnachangia? Bei nafuu ya umeme ni ya nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Vyumba sita kwenye mita moja mnazivuka mapema, wote mnaingia bei ya juu, na mwenye taa moja anachangia sawa na mwenye friji. Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga unaanzia hapo.

Soko Matola:
Mkuu, unafuu wa Mbezi utaliwa na foleni. Kwa kazi ya Posta angalia Kimara, Ubungo, Manzese au Magomeni, kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi yaendayo Kivukoni, jirani na Posta. Chumba kiwe mwendo wa mguu hadi kituoni, maana bodaboda kila siku, kwenda na kurudi, inamaliza mshahara. Mabondeni usikae hata wakikupunguzia nusu. Masika, Machi hadi Mei, Mto Msimbazi hufurika. Kagua alama ya maji ukutani. Jangwani, kwenye njia hiyo hiyo, ikijaa maji barabara hufungwa na mwendokasi husimama, kwa hiyo siku za mvua kubwa toka mapema mno.

Mama Iyunga:
Mwanangu, blanketi acha. Nunua neti yenye dawa na feni. Aliyekulia kwenye baridi yetu mwili wake haujazoea malaria, ikimpata inaweza kumlaza vibaya. Homa ikianza kapime siku hiyo hiyo, usiseme ni uchovu wa safari. Mbu wa dengue huuma mchana, neti peke yake haitoshi: funika ndoo, mwaga maji yaliyotuama kwenye makopo.

Mchele wa Kyela beba kilo ishirini tu. Gunia zima kwenye joto lile litaingia wadudu kabla hujafika nusu.

Kijana wa Uyole:
Shikamoo mama, asanteni wakuu. Hela situmi. Basi litanishusha wapi?

Soko Matola:
Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Likifika usiku wa manane subiri humo ndani kukuche, ndipo upande daladala ya Kimara.