Nimepima ext4, XFS na Btrfs kwenye NVMe, majibu hayaniingii akilini

mpimaji_usiku

Wakuu, salaam. Naomba macho yenu kabla sijaamua jambo ambalo nitaishi nalo miaka.

Nina seva mpya itakayobeba PostgreSQL, programu ya hifadhidata. RAM ni GB 64, diski ni NVMe (SSD ya kasi) ya TB 1, imechomekwa kwenye PCIe 3.0 (kiungo cha data ndani ya kompyuta) yenye njia nne. Natakiwa kuchagua mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga mafaili kwenye diski, na sikutaka kuchagua kwa kusikia. Nikaigawa diski partisheni tatu zinazolingana: ya kwanza ext4, ya pili XFS, ya tatu Btrfs. Kila moja nikaiandikia kwa dd (amri ya kunakili data) mafaili matano ya GB 20 kutoka /dev/zero, chanzo cha sifuri tupu, kisha nikalisoma faili la mwisho. Nilianza na ext4, nikaenda XFS, nikamalizia Btrfs, mfululizo bila kupumzika, na mafaili niliyaacha palepale.

Kuandika: ext4 GB 2.6 kwa sekunde, XFS GB 1.9, Btrfs GB 0.6. Kusoma: zote tatu zinacheza kwenye GB 9 kwa sekunde.

Btrfs nilikuwa naipenda kwa sababu inakagua data kwa checksum (namba inayofichua data ikiharibika), lakini hiyo 0.6 imenivunja moyo. Na hiyo 9 ya kusoma siielewi kabisa. Niitupe Btrfs?

bi_keneli

Usitupe kitu bado. Anza na hiyo 9.

PCIe 3.0 ya njia nne haifikishi hata GB 4 kwa sekunde. Kwa hiyo hakuna diski iliyokupa 9 kupitia njia hiyo, umesoma RAM. Faili la GB 20 ulikuwa umetoka kuliandika, una GB 64, keneli (kiini cha mfumo endeshi) imelihifadhi lote kwenye kache yake ndani ya RAM. Fungua iostat, inayoonyesha kazi halisi ya diski, kwenye dirisha la pili urudie kusoma: safu ya kusoma itakaa kwenye sifuri huku dd ikikutangazia 9.

Acha dd, chukua fio, programu ya kupima diski, na uweke direct=1 ili kache irukwe. Au andika 3 kwenye /proc/sys/vm/drop_caches kuisafisha kache kabla ya kila usomaji. Na hizo sifuri za /dev/zero ziache kabisa: siku utakapowasha ukandamizaji kwenye Btrfs, sifuri zitabanwa zisibaki na kitu, utapata namba ya ajabu nyingine.

foleni_moja

Bi Keneli amemaliza la kusoma. Mimi nina la kuandika, na nalisema kwa uchungu kwa sababu liliwahi kunigharimu.

Mkuu, hujalinganisha mifumo mitatu ya faili. Umelinganisha diski ikiwa mpya, diski ikiwa imechoka, na diski ikiwa hoi. Diski nyingi za TLC (zenye seli za biti tatu) zinapokea maandishi kwanza kwenye eneo linaloandikwa biti moja kwa kila seli, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Data ikizidi eneo hilo, kontrola, chipu inayoiendesha diski, inabaki na kazi mbili: kupokea mapya, na kuhamishia ya zamani kwenye seli za biti tatu. Hapo kasi inaporomoka. Tena kwenye diski nyingi eneo hilo linapungua kadiri diski inavyojaa, nawe mafaili hukuyafuta. Btrfs imekuja kukuta GB 200 zimeshakaa na kontrola imepata moto. Angalia joto kwa nvme smart-log wakati unaandika. Diski ikifika kikomo chake inajipunguza mwendo yenyewe.

Kosa hilihili nililifanya mimi. Nilipima mifumo miwili kwa utaratibu kama wako, wa pili ukashindwa vibaya, nikahamisha seva nzima usiku kucha kwenda kwa ule wa kwanza. Wiki iliyofuata kasi ilikuwa mbovu vilevile. Diski ilikuwa haina bamba la kupozea, na mimi nilikuwa nimepima joto nikidhani napima mfumo wa faili.

Jaribu jambo moja tu: geuza mpangilio. Anza na Btrfs, malizia na ext4. Kabla ya kila duru piga blkdiscard kwenye diski nzima (inafuta kila kitu, hakikisha ni diski yenyewe), kisha ijaze mpaka kasi itulie, ndipo uanze kurekodi. Kwa ext4 ongeza lazy_itable_init=0 unapoifomati, la sivyo uzi wa keneli unaoitwa ext4lazyinit utakuwa bado unaandika meza za inodi (rekodi za mafaili) wakati wewe unapima.

Halafu, kwa nini unapima mafaili ya GB 20? PostgreSQL inafanya kazi kwa kurasa za KB 8, na kila muamala unapothibitishwa unasubiri logi itue kwenye diski kweli. Pima hivyo: bs=8k, iodepth=1, fdatasync=1, yaani vipande vya KB 8, ombi moja kwa wakati, na kusubiri kila andiko litue kwenye diski. NVMe inaruhusu foleni zaidi ya 65,000, na namba kubwa za kwenye boksi hupatikana foleni zikiwa zimejazwa. Muamala wako unasubiri peke yake, mmoja mmoja. Usiangalie wastani pia, angalia asilimia 99, yaani muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayauzidi, maana mtumiaji anayelalamika ni yule wa mwisho kwenye mstari.

mpimaji_usiku

Ahsanteni sana. Nimerudi baada ya siku tatu za kupima.

iostat kwanza: ilikaa 0.00 kama Bi Keneli alivyosema. Kisha nikageuza mpangilio bila kubadilisha kingine chochote. Btrfs ikatoka na GB 2.4 kwa sekunde, na ext4 niliyokuwa naisifu ikaangukia 0.7. Nilikaa nikiitazama ile skrini muda mrefu. Nilikuwa nimebakisha saa chache kuandika ripoti ya kazini kwamba Btrfs ni nzito mara nne.

Nikaanza upya kwa fio, kama foleni_moja alivyoelekeza, duru tano kwa kila mfumo. Kwa KB 8 na fdatasync, ext4 na XFS zilitofautiana kidogo kuliko XFS ilivyotofautiana na XFS yenyewe kati ya duru mbili. Yaani kwa kazi yangu siwezi kusema ipi ni bora, na sitajifanya naweza. Btrfs ilibaki nyuma kweli, hasa kwenye asilimia 99. Nikaweka chattr +C (inaifanya Btrfs iandike juu ya data ya zamani badala ya kuandika mahali papya) kwenye folda tupu kabla ya kuunda faili, ikasogea karibu na wenzake.

Kilichonishangaza zaidi: mifumo yote mitatu ilikuwa juu ya milisekunde 1 kwa kila fdatasync. Niliazima diski ya seva yenye kapasita za kulinda data umeme ukikatika, nikarudia na ext4 ileile, ikashuka hadi mikrosekunde makumi.

bi_keneli

Hapo ndipo penye jibu lako. Diski yenye kapasita inaweza kuthibitisha maandishi yakiwa bado kwenye RAM yake kwa sababu ina uhakika wa kuyamalizia umeme ukikatika. Ile ya kawaida lazima iyashushe kwenye seli kwanza.

Na +C iangalie vizuri: inazima checksum pamoja na ukandamizaji kwa mafaili hayo. Ulisema unaipenda Btrfs kwa sababu ya checksum.

mpimaji_usiku

Kweli, sababu yenyewe ya kuitaka inaondoka. Basi PostgreSQL inakaa kwenye XFS, na nimewasha checksum za PostgreSQL yenyewe kwa initdb, amri ya kuiandaa hifadhidata. Btrfs inabaki kwenye diski ya chelezo, ambako hakuna muamala unaosubiri. Bajeti niliyokuwa nimeitenga kwa RAM zaidi nimeomba ihamie kwenye diski yenye kapasita. Faili langu la fio nitalibandika hapa jioni, kila duru na joto lake, mlikague.