Mtoto kavimba midomo baada ya uji wa lishe. Ni aleji au meno?

Mama Nuru, Morogoro
Habari zenu wazazi wenzangu. Mwanangu ana miezi minane. Uji nilimwanzishia alipotimiza sita: ulezi, baadaye mahindi, kisha mchele, hajawahi kusumbua. Jumamosi nikampikia lishe niliyochanganya mwenyewe, nafaka hizo hizo nikaongeza soya, karanga na ngano kidogo. Kijiko cha nne akakataa, anageuza uso, anajikuna ulimi kwa vidole. Robo saa haikufika, midomo ikavimba, vipele vikamtoka shingoni hadi tumboni kama kaumwa na mbu, akatapika uji wote. Jioni ngozi ikawa nyororo, huwezi kujua kama kulikuwa na kitu. Mama mkwe anasema ni meno, nimrudishie kidogo kidogo atazoea. Unga upo kilo tano kwenye ndoo. Naomba ushauri.

Mama wa Watatu
Pole sana mpenzi. Wa kwangu alitoka vipele kwa joto, nikampaka poda vikaisha. Labda na huyo ni joto.

Mama Kijana
Mama Nuru, tafadhali usimrudishie hata kijiko kimoja. Mwanangu ana miaka sita sasa, ana mzio wa karanga, na yalianza hivyo hivyo. Meno hayavimbishi midomo, na vipele vya joto havimtapishi mtoto. Angalia saa: mzio wa chakula wa namna hii huanza ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya saa mbili kupita tangu ale.

Lishe yetu hii ina shida moja: umeweka vitu vitatu vipya kwenye sufuria moja, sasa utamkamata nani? Kipya kiingie kimoja, akae nacho siku tatu nne, ndipo uongeze kingine.

Kuna jambo lililonitesa miezi miwili. Karanga niliacha, nikabaki na dona tupu, bado vipele vinarudi. Siku moja nimepanga foleni mashineni, dada aliyenitangulia akamwaga lishe yake yenye karanga, ilipoisha tu mahindi yangu yakafuata. Unga wa kwanza ukatoka na harufu ya karanga kabisa. Toka siku hiyo nafaka ya mwanangu naitwanga nyumbani kwenye kinu chake. Ukweni nako uliza kwanza: mchicha, kisamvu, karanga zinaingia humo bila mtu kutaja.

Nesi wa Zamu
Naunga mkono. Mpeleke kwa daktari wa watoto ukiwa na orodha ya vilivyomo kwenye unga na muda kila dalili ilipoanza. Hayo yatamsaidia kuamua kipimo, cha ngozi au cha damu. Kujaribu tena nyumbani hapana, safari ya pili inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza.

Akikohoa mfululizo, akikoroma kifuani, sauti ikikauka au akilegea, hiyo ni dharura. Mpakate akiwa amelala, usimbebe wima begani, mkimbilie hospitali achomwe adrenalini pajani. Dawa ya mzio ya maji hutuliza vipele, njia ya hewa haiifungui.

Na wengine msiogope karanga kwa sababu ya uzi huu. Utafiti wa London uliotolewa 2015, wenye watoto 640 waliokuwa na ukurutu mkali au mzio wa yai, ulionyesha kwamba walioanza karanga kabla ya mwaka mmoja walipata mzio wake kidogo sana kuliko walionyimwa. Ila iwe imesagwa laini, punje nzima humkaba mtoto.

Mama Nuru
Asanteni sana. Kesho asubuhi tunakwenda, orodha nimeandika nyuma ya kadi ya kliniki. Mama mkwe nimemsomea yote, kanyamaza, halafu ndoo ya unga kaitoa jikoni mwenyewe. Mama Kijana, kinu chako ni cha mbao au cha chuma? Na unakiosha vipi?

Mama Kijana
Cha mbao, kipya, hakijawahi kutwanga karanga. Cha zamani usikitumie hata ukikiosha, mbao hunywa mafuta. Utuambie daktari kasemaje.